Hinamizawa: Kijiji kinachomfanya msomaji awashuku rafiki zake

Kijana anarudi nyumbani jioni na anahisi nyuma yake kuna mtu. Akienda, hatua za yule mtu nazo zinakwenda. Akisimama, zinasimama. Lakini hazisimami sawia na zake: mguu wake ukishatua na njia kunyamaza, husikika hatua moja ya ziada. Moja tu.

Msomaji haoni kitu. Mbele yake kuna picha iliyofifia ya njia ya kijijini, na juu ya picha hiyo maandishi yamejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Anabonyeza kitufe, sentensi nyingine inaongezeka. Anabonyeza tena, spika inatoa kishindo kidogo kama cha mguu mtupu unaotua sakafuni. Kisha kimya. Hakuna mzimu uliochorwa, hakuna damu, hakuna uso unaochomoza ghafla kwenye skrini. Hata hivyo, ni hapo ambapo msomaji wa Higurashi no Naku Koro ni hujikuta amegeuza shingo kuutazama mlango wa chumba chake mwenyewe.

Higurashi ni aina ya nyenze wa Japani, mdudu wa mitini anayelia alfajiri na magharibi wakati wa kiangazi, na jina lake limebeba maana ya mchana unaozama gizani. Jina zima la kazi hii, basi, ni “Wakati higurashi wanapolia”. Ilianza kuuzwa mwaka 2002, ikiwa hadithi ya kusomwa kwenye skrini, kazi ya mtu aliyekuwa mtumishi wa serikali mchana na mwandishi usiku, akitumia jina la kalamu la Ryukishi07. Zaidi ya miaka 20 baadaye bado inasomwa, bado inabishaniwa, na bado inawatisha watu ambao hawakuwa wamezaliwa ilipotoka. Swali la kwa nini linastahili kujibiwa kwa makini, kwa sababu ukiitazama kwa nje haina chochote cha kumvuta mtu.

Michoro yake ni dhaifu. Hilo hata mashabiki wake hawalifichi. Ryukishi07 aliwachora wahusika mwenyewe, na mikono aliyowapa ni ya duara, minene, kama iliyovikwa glavu za mtoto. Mandhari ni picha za kamera zilizopitishwa kwenye programu ili zifanane na michoro. Muziki wa sura za mwanzo ulitokana na tuni zilizokuwa zikitolewa bure kwenye intaneti. Hakukuwa na sauti za waigizaji. Kikundi chake, 07th Expansion, kilikuwa cha watu wachache waliotengeneza kazi kwa mapenzi na kuiuza wenyewe.

Mahali walipouzia ni Comiket, soko la kazi za mikono ya mashabiki lililoanza Tokyo mwaka 1975 na ambalo hufanyika mara mbili kwa mwaka, Agosti na Desemba. Humo watu kwa mamia ya maelfu hupita kwenye meza ndogo ndogo wakinunua majarida, michoro na diski ambazo hazipatikani madukani. Tarehe 10 Agosti 2002, kwenye meza mojawapo, ilikuwapo sura ya kwanza iitwayo Onikakushi. Ya pili ikatoka Desemba mwaka huo huo, ya tatu Agosti 2003, na hivyo hivyo hadi ya nane, Agosti 2006. Miaka minne kamili. Msomaji wa mwanzo alimaliza sura moja akiwa na maiti na maswali, kisha akasubiri miezi kadhaa au hata mwaka mzima kabla ya kupata nyingine. Katikati ya kungoja huko ndiko sifa zake zilikokua, mdomo kwa mdomo.

Umbo lenyewe halikuwa jipya. Mwaka 1992 kampuni ya Chunsoft, iliyoongozwa na Koichi Nakamura, mmoja wa waliotengeneza Dragon Quest, ilitoa Otogirisou kwa ajili ya mashine ya Super Famicom: hadithi ya kutisha inayosomwa kwenye televisheni, maandishi yakitandazwa juu ya picha huku milio ikiisindikiza. Chunsoft waliiita riwaya ya sauti. Mwaka 1994 wakafuatisha Kamaitachi no Yoru, iliyoandikwa na mtunzi wa hadithi za upelelezi Takemaru Abiko, kuhusu wageni waliozingirwa na theluji katika nyumba ya wageni huku mmoja wao akiwa muuaji. Humo msomaji alipewa njia panda. Alichagua la kusema, la kufanya, wa kumtuhumu. Akikosea, watu wanakufa.

Ryukishi07 alilichukua umbo hilo akaing'oa nguzo yake kuu. Katika Higurashi hakuna njia panda. Msomaji hachagui kitu. Anabonyeza na kusoma, basi. Anaweza kuona kosa linakuja kutoka mbali, akatamani kumshika kijana yule mkono na kumwambia asiende, asipige simu, asifungue mlango, na asiweze. Wapo wanaosema kwamba kwa hiyo huu si mchezo. Hoja hiyo ina ukweli wake, lakini inapita kando ya jambo lenyewe: uwezo ambao msomaji amenyang'anywa mkononi unabaki kichwani. Kazi aliyoachiwa ni kufikiri, na mwandishi alijua atakavyofikiri.

Hadithi ni hii. Juni 1983, Keiichi Maebara, kijana aliyehamia kutoka mjini pamoja na wazazi wake, anaishi Hinamizawa, kijiji cha milimani chenye watu wasiofika 2,000. Shule ni chumba kimoja, wakubwa kwa wadogo. Rafiki zake ni wasichana wanne: Rena, mpole na mchangamfu, anayependa kuokota vitu kwenye jalala, Mion, kiongozi wa klabu yao ya michezo, na wadogo wawili, Satoko na Rika. Baada ya masomo wanacheza karata, wanafanyiana hila, wanamwadhibu aliyeshindwa kwa kumvisha nguo za kuchekesha. Kurasa zinakwenda kwa saa kadhaa namna hiyo. Ni kicheko juu ya kicheko, na baadhi ya mizaha, hasa ile ya kuwakodolea macho wasichana, haikuzeeka vizuri. Wasomaji wengi huachia hapo, na mtu hawezi kuwalaumu.

Lakini raha hiyo ndefu si uzembe wa mwandishi. Ryukishi07 amewahi kueleza kwamba alizichunguza kazi za kampuni ya Key, watunzi wa Kanon na Air, ambazo zilikuwa zikiwaliza vijana wa Japani kipindi kile. Aliona siri yao: kwanza humzoesha msomaji siku za kawaida, za furaha ndogo ndogo, hadi azione kuwa zake, kisha zinakatwa ghafla, na mshituko unaleta machozi. Yeye akachukua kipimo kile kile, akabadilisha mwisho wake. Pale wengine walipoweka machozi, akaweka hofu.

Kukatwa kwenyewe kunaanza na neno dogo. Keiichi anasikia kwamba kijijini kuliwahi kutokea mauaji. Anamuuliza Rena, naye anasema hajui. Anamuuliza Mion, anakwepa. Baadaye anagundua kuwa wanajua vizuri sana. Miaka kadhaa nyuma serikali ilitaka kujenga bwawa ambalo lingekizamisha kijiji. Wanakijiji wakapigana nalo. Mwaka 1979 msimamizi wa ujenzi akauawa na mwili wake ukakatwakatwa. Tangu hapo, kila Juni, usiku wa sikukuu ya Watanagashi, ambapo pamba ya matandiko makuukuu hupelekwa mtoni na kuachiwa ielee, mtu mmoja hufa na mwingine hutoweka. Wenyeji wananong'ona kuwa ni laana ya Oyashiro, mungu wa kijiji. Mpelelezi mzee anayeitwa Ooishi ana wazo jingine: huenda ni njama ya kijiji kizima. Naye anamwita Keiichi pembeni, anamnunulia chakula, na kumwomba amsaidie, ila asiwaambie rafiki zake.

Ndipo sumu inapoingia. Jioni moja Rena anamuuliza Keiichi kama kuna jambo anawaficha. Anakana. Na yule msichana mpole, ambaye kwa saa nyingi za usomaji hajawahi kupandisha sauti, anafoka neno moja tu, kwamba huo ni uongo. Nyenze waliokuwa wakilia nyuma ya maandishi wananyamaza. Ukitafuta kilichobadilika kwenye skrini utakuta ni macho tu ya mchoro ule ule wenye mikono ya glavu. Watu waliokua na tukio hili wanalikumbuka kama wengine wanavyoikumbuka siku ya radi.

Asiyependa kufunuliwa hadithi aziruke aya tatu zinazofuata, kwa maana bila kuingia ndani zaidi haiwezekani kueleza kwa nini kazi hii inamganda mtu.

Keiichi anakosa shule, amelala nyumbani. Rena na Mion wanakuja kumjulia hali wakiwa na ohagi, matonge ya wali wa kunata yaliyopakwa maharage matamu yaliyopondwa. Wanamwambia ale na abashiri lipi limetengenezwa na nani. Ndiyo kazi yake ya nyumbani ya klabu. Hapo mlangoni Mion anamuuliza, kama kwa mzaha, leo mchana alikula nini, na alikuwa na nani. Kijana anaganda, kwa kuwa alikuwa na mpelelezi. Wanaondoka. Anakaa peke yake na sahani. Anatia tonge mdomoni, anatafuna, na kitu kinamchoma ndani ya mdomo. Anatema. Katikati ya wali na damu anaona sindano ya kushonea. Anayabamiza matonge yote ukutani, moja baada ya jingine. Kuanzia hapo analala na kirungu cha besiboli, na sura inaishia pabaya: wasichana wawili wanakufa kwa kirungu hicho, naye anakutwa karibu na kibanda cha simu akiwa ameikwaruza koo yake mwenyewe hadi kufa. Nyumbani, nyuma ya saa ya ukutani, ameacha barua, na sehemu ya barua hiyo imechanwa.

Msomaji anaifunga sura akiamini amesoma kisa cha kijana aliyewindwa na rafiki zake. Ameona sindano. Amesikia hatua. Inambidi afike sura ya sita, Tsumihoroboshi, iliyotoka Agosti 2005, miaka mitatu kamili baada ya ile ya kwanza, ndipo aonyeshwe tena jioni ile ile kwa jicho jingine. Hapakuwa na sindano. Kilichokuwa ndani ya tonge ni mchuzi wa pilipili, hila ya klabu kama zile zote alizocheka mwanzoni. Wale wasichana walikuja kumjulia hali mgonjwa. Basi.

Hakuna tukio katika fasihi ya kutisha ya miaka hii lenye ukatili wa namna hiyo kwa msomaji, na ukatili huo ni wa haki. Hakudanganywa na picha, wala na ushahidi uliofichwa. Alidanganywa na msimuliaji mwoga, akamwamini kwa sababu naye alikuwa anaogopa. Rena aliyemwona akiwa na macho ya muuaji ni Rena aliyeonekana na Keiichi. Anayerudi kuisoma upya sura ya kwanza anakuta kila sentensi iko pale pale, haikuguswa, ila sasa inasomeka kama maombi ya marafiki wawili wanaojaribu kumfikia mwenzao anayezama. Hofu inageuka fedheha. Mtu anajiuliza ni lini yeye mwenyewe alianza kuwachukia wale wasichana.

Hapa ndipo makala haya yanaposimama: mvuto wa Higurashi hauko katika damu, ingawa damu imo nyingi. Uko katika kumshika msomaji akidhania vibaya. Kiswahili kina maneno mengi kwa ajili ya ugonjwa huu: shaka, wasiwasi, dhana mbaya, fitina, kisirani, na kila mtu aliyeishi mtaani anajua jinsi unavyoanza. Mtu mmoja anakuuliza jambo dogo. Unakumbuka kwamba jana mwenzake naye aliuliza. Usiku unayaunganisha mawili hayo, asubuhi umeshapata la tatu. Ryukishi07 hakubuni jini jipya. Alichukua mwenendo huo wa akili akaupa saa kumi na kitu za kukua taratibu ndani ya kichwa cha msomaji, bila kumpa hata kitufe kimoja cha kutokea.

Mwanafalsafa wa Marekani Noël Carroll, katika kitabu chake The Philosophy of Horror cha mwaka 1990, aliuliza kwa nini watu wanalipa ili watishwe, na sehemu kubwa ya jibu lake ni udadisi: dubwana ni kitu ambacho hakiingii kwenye mafungu tuliyozoea, nasi tunavumilia karaha ili tukijue. Hinamizawa inaafiki nusu ya kwanza na kuigeuza ya pili. Udadisi upo, tena mkali. Lakini kisichoeleweka humo ni binti wa jirani unayetembea naye kwenda shule kila asubuhi.

Ujanja mwingine wa kazi hii uko nje ya hadithi. Kati ya kipande na kipande msomaji hupewa vijikaratasi: dondoo za magazeti, kumbukumbu za polisi, mazungumzo ya redio ya upepo. Hakuna anayelazimishwa kuvisoma. Wanaovisoma wanagundua kwamba vinapingana na alichokisema msimuliaji. Kisha, sura inapokwisha na wote wamekufa, wahusika hurudi kama waigizaji waliomaliza onyesho, wakiwa wameketi pamoja wakipongezana, na wanaanza kujadili: je, ni binadamu au laana? Mtu mmoja au kundi? Au ni mambo yaliyosadifiana tu? Ni tendo la ajabu, kumwona msichana aliyeuawa dakika tano zilizopita akitoa hoja zake kuhusu kifo chake. Linamfuta msomaji jasho, na papo hapo linamwambia kuwa kuna jibu na analiweza. Tangazo la kazi hii lilijigamba kwamba ni asilimia 1 tu watakaopatia.

Kwa hiyo watu walibishana. Sura nne za kwanza zinauliza, nne za mwisho zinajibu, na karibu kila sura inarudia Juni ile ile ya 1983 kwa njia tofauti, aliyekuwa muuaji katika moja akiwa mhanga katika nyingine. Anayesoma anajenga hoja yake usiku kucha, sura mpya inatoka, hoja inabomoka. Kwa wasomaji wa mwanzo hilo liliendelea miaka minne.

Kijiji chenyewe kina mwili. Nyumba zinazoonekana nyuma ya maandishi, zenye mapaa ya nyasi yaliyoinama kama viganja viwili vilivyokutanishwa kwa kusali, ni za Shirakawa-go, katika mkoa wa Gifu, mahali palipotiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1995. Mashabiki huenda huko kutafuta kona walizozisoma, na kwenye hekalu la Hachiman la kijijini wametundika vibao vya mbao vya maombi walivyovichorea nyuso za Rena na Rika.

Na juu zaidi, kwenye mto wa Sho unaopita hapo, kuna jambo ambalo watalii wengi wanalipita. Bwawa la Miboro, lenye kimo cha mita 131, lilikamilika mwaka 1961 na kuzamisha makazi ya watu. Wenyeji walilipinga kwa miaka, kwa umoja ulioapa kuilinda ardhi hadi kufa, kabla ya kukubali kuhama. Miti miwili mikubwa ya sakura, yenye umri wa karne kadhaa, iling'olewa na mizizi yake mwaka 1960 ikapandishwa kilimani ili isizame, na hadi leo inachanua ukingoni mwa ziwa. Hinamizawa ni kijiji cha kubuni kilicholishinda bwawa lake. Bonde la kweli liko chini ya maji. Anayelijua hilo husikia tofauti pale wazee wa hadithini wanapomtazama mgeni kwa jicho la pembeni: hasira yao ina asili, na haikuletwa na laana.

Ukweli mwingine uliomo ni wa kitabibu. Wahusika wanaoshikwa na hofu hufikia hatua ya kuamini kuwa funza wanatambaa chini ya ngozi yao, wakajikuna koo hadi mishipa ikakatika. Ugonjwa unaotajwa hadithini ni wa kubuni, lakini imani hiyo ya wadudu ndani ya ngozi si ya kubuni: daktari wa Sweden Karl-Axel Ekbom aliielezea mwaka 1938, na mpaka sasa wapo wagonjwa wanaofika hospitalini wakiwa na vijipande vya ngozi ndani ya vikopo kama ushahidi. Sura ya sita, inayosimuliwa kwa sehemu kutoka ndani ya kichwa cha mtu aliye katika hali hiyo, ni miongoni mwa maelezo ya huruma zaidi yaliyowahi kuandikwa kuhusu mtu anayepotewa na akili. Hamcheki. Hamwiti mwendawazimu. Inamwonyesha akihesabu ushahidi wake mmoja mmoja, kwa mantiki safi kabisa, kuelekea shimoni. Na anayemwokoa ni rafiki anayekubali kupanda naye juu ya paa na kumsikiliza.

Kazi yenye panga, kirungu na watoto haiwezi kukosa lawama. Septemba 2007, karibu na Kyoto, msichana wa miaka 16 alimuua baba yake kwa shoka. Katuni ya School Days iliyokuwa ikifikia tamati yake yenye umwagaji damu iliondolewa hewani, na baadhi ya vituo vya televisheni vikasitisha pia katuni ya Higurashi, ambayo wakati huo ilikuwa katika msimu wake wa pili. Ilikuwa heshima kwa msiba, na kwa mtazamo huo ni uamuzi unaoeleweka. Lakini kuiona Higurashi kama fundisho la kuua ni kuisoma hadi katikati na kuifunga. Kila mauaji humo yanafanywa na mtu aliyenyamaza na jambo lake, na kila msiba unaoepukwa unaepukwa kwa kuwa mtu alisema.

Katuni za Higurashi, zilizoanza Aprili 2006 chini ya studio ya Deen, ndizo zilizoipeleka hadithi duniani. Zina haki ya kupewa shukrani. Lakini zilipoteza kile hasa makala haya yanachokisifu. Kwenye katuni unamwona Rena kwa macho yako, kichwa cha Keiichi kikiwa mbali nawe. Dakika 20 zinakwisha kabla shaka haijapata muda wa kuota mizizi. Damu ikabaki, wasiwasi ukapungua. Ndiyo maana wanaoijua kazi hii kwa katuni tu huizungumzia kama hadithi ya wasichana wenye mapanga, na walioisoma huizungumzia kwa sauti ya chini.

Hata maandishi yenyewe hayadumu na makali yale hadi mwisho. Sura ya saba na ya nane zinaleta adui mwenye jina, mipango, silaha na mapambano msituni, na hofu inayeyuka. Kinachochukua nafasi yake ni hadithi ya watu wanaokataa kukubali majaliwa yao, yenye joto la aina yake, ila ndefu kupita kiasi na yenye hotuba nyingi mno. Mwandishi aliyemwamini msomaji wake kwa sura sita ghafla anamfafanulia kila kitu. Ni kasoro kubwa, na haiondoi thamani ya kilichotangulia.

Tangu hapo zimekuja nyingine. Mwaka 2017 Mmarekani Dan Salvato alitoa bure Doki Doki Literature Club, inayoanza kama kisa cha mapenzi ya wanafunzi, kisha ikafuta mafaili yake yenyewe na kumwita msomaji kwa jina lililo kwenye kompyuta yake. Ni kazi ya akili, na mshituko wake ni wa kweli. Tofauti ni kwamba ile inaichezea kompyuta. Higurashi inamchezea aliyekaa mbele yake. Naye Ryukishi07 hajaacha kutisha watu. Alifuatisha Umineko mwaka 2007, na mwaka 2025 ikatoka Silent Hill f ya kampuni ya Konami, ambayo hadithi yake aliiandika yeye: mji mdogo wa Japani ya miaka ya 1960, msichana mmoja na rafiki zake, ukungu na maua mekundu. Mji ulioigwa safari hii ni Kanayama, nao uko Gifu.

Anayetaka kuisoma Higurashi na anajua Kiingereza anaweza kuzipata sura zote nane kwenye Steam. Kampuni ya MangaGamer ilizitoa kwa tafsiri mpya kati ya 2015 na 2020, zikiwa na michoro mipya na ile ya zamani, na msomaji anaweza kuibadilisha wakati wowote. Achague ya zamani. Mikono ile ya glavu inachekesha kwa saa moja, baadaye haichekeshi tena. Wazazi wajue kuwa si kazi ya watoto: yamo mateso, wamo watoto wanaoonewa nyumbani, wamo watu wanaojidhuru. Mtu anayepitia kipindi kigumu cha hofu au huzuni afadhali aiache kwa sasa, itamngoja.

Wengine waanze na Onikakushi, bila kuruka ile mizaha ya mwanzo, na sauti ikiwa wazi ili wawasikie nyenze. Na watakapoifikia sahani ya ohagi, kabla ya kubonyeza tena, wayarudishe maandishi nyuma kidogo na kusoma polepole ni nini hasa Rena na Mion walichosema pale mlangoni.